Usiusugue msuka: jibu kwa kijana aliyenunua upanga wa Kijapani mnadani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, kwa sasa naishi Birmingham, Uingereza. Marehemu babu alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, akapigana Burma, na utotoni alitusimulia sana habari za maofisa wa Kijapani na panga zao. Majuzi nikaona upanga wa namna hiyo kwenye mnada wa vitu vya nyumba ya mzee mmoja aliyefariki, nikaununua kwa pauni 900. Ala ni ya mbao iliyovishwa ngozi, mpini umefungwa utepe wa kahawia. Nimeufungua mpini: chuma cha ndani kina kutu nyeusi, matundu mawili, na herufi za Kijapani mwishoni kabisa. Bapa lina madoa ya kutu na mstari wa mawimbi kando ya makali. Rafiki yangu anasema panga zote za jeshi zilitoka kiwandani na mstari huo huchorwa kwa asidi, kwa hiyo niusugue wote kwa msasa na mafuta ya WD-40 uwe mpya. Nimenunua pia tsuba moja, lile bamba la kukinga mkono, ya chuma yenye nakshi ya kutoboa, kwa pauni 60, maana nasikia ndiyo njia nafuu ya kuanza. Je, upanga wangu ni halisi? Niusafisheje? Na kujifunza nianzie wapi? Picha nimeambatanisha.

Jibu: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu babu yako.

Weka msasa chini kwanza. Msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, hausafishwi: si kwa msasa, si kwa brashi ya waya, si kwa siki wala ndimu, si kwa dawa yoyote ya kutoa kutu. Wajapani wanauita nakago. Mhunzi anapomaliza kazi huupitisha tupa, huchonga jina lake kwa tindo, kisha huuacha hivyo hivyo bila kuung'arisha, kwa makusudi. Kutu inayoota hapo miaka nenda miaka rudi huwa nyeusi au kahawia iliyoiva, imeshikana na chuma, haitoki ukiigusa. Anayezijua panga huitazama rangi yake, unene wake, na jinsi ilivyoshuka ndani ya mikato ya herufi, na humo hupata umri. Ukiisugua umefuta ushahidi ambao hakuna fundi anayeweza kuurudisha, na bei nayo huanguka hapo hapo. Nimeshika panga nzuri zilizoharibiwa hivyo na watu wenye nia njema kabisa, na kila mara roho inauma.

Sasa tuje kwenye picha zako, maana zina mengi kuliko unavyodhani.

Msuka wako una matundu mawili ya kupitishia kijiti cha mwanzi kinachofungia mpini, moja juu karibu na bapa, jingine chini. Mwisho wa msuka umekatwa mraba, ilhali msuka ambao haujaguswa kwa kawaida huishia kwa mviringo au mshazari uliochongwa kwa utulivu. Juu kidogo ya mkato huo kuna herufi tatu kamili, na ya nne imebaki kichwa tu. Hizo tatu zinasomeka Bi, shu, Osa. Ile iliyokatwa, kwa kuitazama mistari yake ya juu, naiona kuwa ni fune. Tunapata Bishu Osafune, yaani Osafune ya mkoa wa Bizen. Baada ya hapo lingefuata jina la mhunzi mwenyewe, nalo limekwenda na kipande kilichokatwa.

Usishangae kwamba mtu alikata jina la fundi. Panga za kale za wapanda farasi, zinazoitwa tachi, zilikuwa ndefu na zilining'inizwa kiunoni makali yakitazama chini. Vita vilipohamia kwa askari wa miguu, na baadaye utawala wa Edo, ulioiongoza Japani kuanzia karne ya 17 hadi ya 19, ulipoweka mipaka ya urefu, wenye panga hizo walizifupisha. Upanga haufupishwi kwenye ncha, maana hapo kuna makali yaliyokomazwa. Hufupishwa kwa chini: msuka unakatwa, sehemu ya bapa inageuzwa kuwa msuka, na tundu jipya linatobolewa juu ya lile la zamani. Kila sentimita inayokatwa inakula saini. Panga ndefu zinazohesabiwa kuwa kazi ya Masamune, fundi mwenye jina kubwa kuliko wote, karibu zote hazina saini, na nyingi ni kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo matundu mawili na mkato mraba ni dalili njema. Zinasema bapa lako lina historia ndefu kuliko ala yake ya ngozi.

Osafune ni kijiji kando ya mto Yoshii, leo kimo ndani ya jiji la Setouchi, mkoa wa Okayama. Tangu karne ya 13 waliishi hapo wahunzi kizazi baada ya kizazi, Mitsutada, Nagamitsu, Kanemitsu na wengi waliofuata, mpaka mafuriko ya mwishoni mwa karne ya 16 yalipokivunja kijiji chenyewe. Hakuna mahali Japani palipotoa panga nyingi kama pale, na hapo ndipo ninapokuomba usikimbilie kushangilia. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, karne za 15 na 16, Osafune ilifua panga kwa mafungu ili kuwapa silaha majeshi makubwa. Panga hizo za jumla mara nyingi zina saini fupi inayoanza na Bishu Osafune. Zile zilizoagizwa na bwana mkubwa zilipewa saini ndefu, mkoa ukiandikwa kikamilifu, na jina la ufundi la mhunzi likiandamana na jina lake la kibinafsi. Saini fupi peke yake haithibitishi ubora.

Kuna jambo moja kwenye picha linalonipa hamu zaidi. Shika upanga wima, ncha juu, herufi zikikutazama. Makali yako yako kulia. Fundi aliyefua tachi alitia saini upande utakaoonekana na watu upanga ukiwa umevaliwa makali chini, na upande huo ndio huo wa kwako. Zile za karne ya 16 zilivaliwa zimechomekwa kwenye mshipi makali yakitazama juu, kwa hiyo saini yake iko upande wa pili: ukiishika vivyo hivyo, makali yatakuwa kushoto. (Wapo wasioifuata kanuni hii. Ukoo wa Tadayoshi wa mkoa wa Hizen, karne ya 17, ulitia saini panga za mshipini upande wa tachi. Lakini Hizen si Bizen.) Kama saini yako ni ya kweli, inanivuta nyuma ya zile panga za mafungu, kwenye karne ya 14 au mwanzoni mwa ya 15.

Kama ni ya kweli. Saini za uongo ni za zamani kama umaarufu wenyewe, na zilitiwa hata enzi za samurai, kwa hiyo uzee wa saini hauiokoi. Tafuta lenzi ya kukuza mara kumi, kaa karibu na dirisha, utazame ndani ya mikato. Tindo linapoingia kwenye chuma husukuma kingo zinuke kidogo pande zote mbili. Kwenye saini ya kale kingo hizo zimelainika kwa kufutwa na mikono mingi, na kutu ya ndani ya mkato ina rangi moja na ya nje. Saini iliyoongezwa baadaye hukata kupitia kutu: kingo bado kali, na ndani kuna rangi changa zaidi, au kutu iliyolazimishwa kwa dawa, yenye chembechembe. Picha ya simu haiwezi kutoa hukumu hii. Jicho lako linaweza.

Wanafunzi wa panga huko Japani hujifunza kwa njia ninayoipenda sana. Katika vikao vyao upanga huletwa msuka ukiwa umefunikwa. Unautazama, unaandika jina la fundi unayedhani ndiye, unalikabidhi kwa mwamuzi. Ukipata unaambiwa atari. Ukitaja mtu wa shule hiyo hiyo, yaani mkondo mmoja wa mafundi, unaambiwa dozen, nayo si haba. Unaanza na umbo: urefu, upana, mpindo umekaa wapi, ncha ni fupi au ndefu. Kisha unaitazama ngozi ya chuma, halafu mstari wa makali, halafu jinsi mstari huo unavyogeuka ndani ya ncha. Saini huja mwisho, kukubali au kukataa kile ambacho chuma kimeshasema. Wanunuzi wengi wa mtandaoni huanza na saini, ndiyo maana wanapigwa changa la macho kirahisi.

Rafiki yako ana nusu ya ukweli. Jeshi la Japani la miaka ya 1930 na 1940 lilikuwa na panga nyingi za kiwandani. Askari wa vyeo vya chini walipewa upanga wa mwaka 1935 wenye mpini wa kusubu uliopakwa rangi ufanane na uliofungwa utepe, na namba iliyopigwa kwenye bapa. Hizo ni vifaa vya jeshi, na zina wakusanyaji wake. Maofisa walinunua panga zao wenyewe. Wengi walichukua bapa lililotengenezwa haraka, likapozwa ghafla kwenye mafuta badala ya maji, na kwenye msuka wake hukuta muhuri mdogo, mara nyingi wa Seki, mji wa wahunzi katika mkoa wa Gifu. Wengine walipata panga zilizofuliwa kwa njia ya jadi. Karakana iliyokuwa ndani ya hekalu la Yasukuni, Tokyo, ilifua takriban 8,100 kati ya 1933 na 1945. Na wapo waliochukua upanga wa ukoo, wa mamia ya miaka, wakauvisha mpini na ala ya kijeshi, wakaenda nao vitani. Sijaona muhuri wowote kwenye msuka wako, na msuka uliofupishwa hauendani na kazi ya kiwandani. Ninavyoona, wako ni wa kundi hili la mwisho.

Hapo ndipo habari ya babu yako inapoingia. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Keya, ilishuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 na kufika Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba. Mwaka uliofuata, baada ya Japani kusalimu amri, maofisa wake walikabidhi panga zao katika sherehe zilizofanyika sehemu nyingi za Burma na Malaya, na maofisa wa Kiingereza wakarudi nazo nyumbani. Waulize wale wa mnada kama mzee yule alihudumu Burma, na kama kulikuwa na barua, picha, au lebo ndogo ya kitambaa au mbao iliyofungwa mpinini. Maofisa wengi waliandika jina na anwani kwenye lebo hizo wakiamini panga zitarudishwa. Ukiipata usiitenganishe na upanga hata siku moja.

Zilizobaki Japani zilikuwa na mkasa wake. Jeshi la Marekani liliamuru silaha zote zikusanywe, na nyingi ziliharibiwa. Wataalamu Honma Junji na Sato Kanzan walimshawishi kanali Victor Cadwell wa jeshi hilo kwamba panga za sanaa zitofautishwe na silaha, na mwaka 1948 kikaundwa chama cha kuzihifadhi, NBTHK, ambacho hadi leo ndicho kinachotoa vyeti vinavyoheshimiwa zaidi. Upanga mmoja wa Kunimune, fundi wa Bizen kama huu wako, uliokuwa mali ya hekalu la Terukuni huko Kagoshima, ulipotelea Marekani wakati huo. Ukamfikia Walter Compton, mkuu wa kampuni ya madawa huko Indiana, Marekani, aliyekuwa mkusanyaji mkubwa. Alipotambua ni nini, mwaka 1963 aliurudisha hekaluni bila kudai hata senti. Mtu huyo naona amestahili kutajwa kila panga zinapozungumzwa.

Sasa mstari wa mawimbi. Wajapani wanauita hamon, na kwenye upanga halisi hauchorwi. Fundi anapokwisha kufua bapa hulipaka udongo, mzito upande wa mgongo, mwembamba upande wa makali. Karakana inatiwa giza ili aisome rangi ya moto, bapa linapashwa, kisha linatumbukizwa majini kwa pigo moja. Makali yenye udongo mwembamba hupoa ghafla yakawa magumu sana. Mgongo hupoa polepole ukabaki laini, wenye uwezo wa kuhimili kishindo. Makali yanapokuwa magumu hutanuka, na kutanuka huko ndiko kunakoongeza mpindo wa upanga. Baadhi hupasuka hapo hapo, na kazi ya wiki nyingi ikaishia kwenye chuma chakavu. Mpaka kati ya pande hizo mbili ndio hamon.

Kuutazama kunataka taa moja ya balbu isiyofunikwa, chumba kingine chote kikiwa na kivuli. Elekeza ncha kuelekea taa, kidogo chini ya balbu, halafu usogeze upanga polepole mpaka mwanga uteleze juu ya bapa. Mahali mwanga unapogonga mpaka, utaona ukanda mweupe wenye kina. Ukiona chembe moja moja zinazometa kama sukari iliyomwagika, hizo zinaitwa nie. Ukiona ukungu usiogawanyika, huo ni nioi, nao ndio desturi ya Bizen. Mstari wa asidi hauna uhai huo: uso wake hauna kina na ni wa kijivu, na haubadiliki hata ukigeuza upanga namna gani. Zingatia pia kwamba tangu enzi za mfalme Meiji, zilizoanza 1868, wanoaji wengi huongeza weupe juu ya hamon kwa jiwe jembamba linalosukumwa kwa kidole, ili ionekane kwa mbali. Weupe huo ni urembo wa mnoaji. Hamon yenyewe imejificha ndani yake na huonekana kwa pembe ile ya taa tu.

Ukiwa hapo, shusha jicho kwenye sehemu iliyo kati ya hamon na ule uti unaopita katikati ya bapa. Chuma cha upanga kimekunjwa na kufuliwa tena mara kumi au zaidi, na kukunja mara 15 kunatoa matabaka 32,768, kwa hiyo ngozi yake ina mishipa inayoonekana. Panga za Bizen za zama unazozitarajia mara nyingi huwa na kivuli cheupe, kama pumzi iliyobaki juu ya chuma, kiitwacho utsuri. Ukikiona, niandikie siku hiyo hiyo. Kukipata kwenye upanga wenye madoa ya kutu si rahisi, kwa hiyo usipokiona usikate tamaa.

Kuna kitu kimoja unachopaswa kukitafuta kwa hofu: ufa mwembamba unaokata makali kwa mkato, kutoka kwenye makali kuelekea hamon. Unaitwa hagire. Unaweza kuwa mwembamba kuliko unywele na bado ukaua thamani yote, maana upanga huo ungevunjika hapo. Pengo dogo kwenye makali au uvimbe kwenye bapa husameheka. Hagire haisameheki.

Usafi wa bapa ni mdogo kuliko unavyofikiri. Nunua alkoholi safi na vitambaa laini vipya. Futa kutoka upande wa mpini kwenda kwenye ncha, mgongo wa upanga ukiwa kwenye kiganja, kamwe usirudi nyuma kuelekea mkononi. Kisha paka mafuta membamba ya madini yasiyo na harufu wala dawa, kiasi cha kuacha utando tu. Wajapani hutumia mafuta yaliyochanganywa na ya karafuu, nawe mtu wa Tanga utaifurahia harufu yake. Kutu nyekundu iliyopo weka mafuta, iache, ufute, urudie baada ya siku kadhaa. Usiikwangue. Ule unga mweupe wa mawe unaopigwapigwa juu ya bapa, uchiko, ukitumiwa mara kwa mara huacha mikwaruzo, uuache kwa sasa. Usiguse bapa kwa vidole, usizungumze ukiwa umeinama juu yake, na usijaribu kukata chochote, hata chupa ya plastiki.

Kunoa upya ni kazi ya mnoaji aliyefunzwa miaka mingi, kwa mfululizo wa mawe kutoka yanayokwaruza hadi laini kabisa. Kila anapounoa upanga hupungua. Unaweza kunolewa mara chache tu kabla chuma laini cha kiini hakijajitokeza usoni, na haurudishwi. Fundi wa visu wa mtaani mwenye mashine ya kuzungusha anaweza kuumaliza kwa dakika kumi: anaviringisha uti, anapoteza umbo la ncha, na joto la mashine linalegeza makali. Bora ukae na madoa yake miaka ishirini.

Kuupeleka Japani kwa mnoaji kunawezekana ila kuna kizingiti. Kila upanga unaoingia nchini humo lazima usajiliwe, na wanasajili uliofuliwa kwa jadi tu. Wa kiwandani unaweza kunyang'anywa usirudi. Kwa hiyo uonyeshe kwanza kwa watu wanaojua hapo hapo Uingereza. To-ken Society of Great Britain ni chama cha muda mrefu, na wanachama wake wamezoea kupokea mtu mwenye upanga aliouokota mnadani. Gharama ya kunoa huhesabiwa kwa urefu wa bapa, na inaweza kuipita mara kadhaa bei uliyonunulia, basi usiamue mpaka mtu ameushika mkononi. Kuhusu sheria ya kwenu: tangu 2008 panga za kupinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi haziuzwi wala kuingizwa, isipokuwa zilizotengenezwa kabla ya 1954 au zilizofuliwa kwa mkono kwa njia ya jadi. Hifadhi risiti ya mnada, na usitembee na upanga hadharani bila sababu inayoeleweka.

Tsuba yako sasa. Tsuba ni lile bamba linalokaa kati ya mpini na bapa kuukinga mkono. Nitakwambia wazi: hiyo ya pauni 60 ni ya kusubu. Ikuze picha ya tatu, utazame ndani ya tundu lenye umbo la korongo. Katikati ya ukuta wa tundu kuna mstari mwembamba ulionuka unaozunguka tundu zima. Ndio mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana. Tsuba ya kweli ilifuliwa bamba, kisha nakshi ikatobolewa kwa tindo na msumeno na kumaliziwa kwa tupa, kwa hiyo ukuta wa tundu una alama za tupa na kingo zake zimesimama. Yako kingo zimelala. Pia uso wake una vinyweleo vidogo, na tundu la katikati la kupitishia msuka halina alama zozote za kupigwa ili likae vizuri. Hili la mwisho peke yake si hoja, kwa sababu zipo tsuba za karne ya 19 ambazo hazikuwahi kuvishwa upanga. Yote matatu pamoja yanatosha. Ihifadhi kwa ajili ya kulinganishia, itakufaa sana kwa kazi hiyo.

Wala usiache tsuba kwa sababu ya moja iliyokuangusha. Mimi mwenyewe napenda vyuma hivi vidogo karibu kuliko panga. Mwaka 1876 serikali ya Meiji ilipokataza kuvaa panga hadharani, masonara na wahunzi wa vifaa hivyo walikosa wateja kwa usiku mmoja, na maelfu ya tsuba zikavuliwa na kuuzwa Ulaya na Marekani. Kano Natsuo, bingwa wa mwisho wa sanaa hiyo, aliyefariki 1898, ndiye aliyechonga miundo ya sarafu mpya za Meiji, na mkono huo huo ndio ulikuwa umechonga maua ya peoni juu ya tsuba za samurai. Kabla yake, ukoo wa Goto, ulioanzia kwa Yujo wa karne ya 15, uliwahudumia watawala kwa vizazi 17. Metali yao kuu ilikuwa shakudo, shaba nyekundu yenye asilimia chache ya dhahabu. Ikitoka kwa sonara ina rangi ya shaba tu. Huzamishwa kwenye maji ya figili iliyokwaruzwa, kisha huchemshwa kwenye maji yenye chumvi za shaba, nayo hugeuka nyeusi yenye ubluu ndani yake. Weusi huo ni utando mwembamba mno. Mtu akiusugua kwa Brasso hutoka wote, na chini yake kunabaki shaba ya kawaida. Tsuba za chuma nazo hazipakwi chochote: kutu nyekundu ikijitokeza husuguliwa kwa kipande cha mfupa na kitambaa cha pamba, kwa subira.

Usinunue nyingine kwa sasa. Panda treni hadi Oxford, Ashmolean ina mkusanyiko wa tsuba wa Church. Nenda London, Victoria and Albert na British Museum. Nenda Royal Armouries, Leeds. Tazama tsuba moja ya chuma ya mkoa wa Higo au ya mafundi wa Akasaka mpaka uone jinsi nafasi tupu zilivyopangwa kwa uzito ule ule wa chuma chenyewe. Jicho likishazoea kilicho bora, cha kusubu utakitambua kabla hujakishika. Siku ukinunua, nunua moja nzuri kwa pesa ambazo ungenunulia nane za hovyo.

Mpini na ala za kijeshi usizitupe hata kama bapa ni la karne ya 14. Ni sehemu ya safari yake, na zile washa (vibamba vyembamba) za shaba juu na chini ya tsuba mara nyingi zimepigwa namba zinazolingana, basi zirudishe kwa mpangilio ule ule uliozikuta. Hiyo ngozi nyeupe yenye vipele chini ya utepe wa mpini ni ya samaki taa, yule ambaye mkia wake wazee wa pwani waliwachapia watoto watukutu. Japani ilizinunua ngozi hizo kutoka nje kwa meli za Wachina na Waholanzi. Isiloane. Laza upanga mahali pakavu, makali juu, nje ya jua, na uukague kila baada ya miezi michache.

Nitumie vipimo vitatu: urefu wa mstari ulionyooka kutoka kwenye kidato cha mgongo, pale bapa linapokutana na msuka, hadi kwenye ncha, upana wa bapa hapo hapo, na upana wake pale ncha inapoanza. Piga msuka picha pande zote mbili, kamera ikiwa imesimama juu yake moja kwa moja, mwanga ukitoka ubavuni, bila flashi. Na ile herufi ya nne iliyokatwa, ipige peke yake kwa karibu uwezavyo.